Wimbo wa Kuanua Kahawa

Kama umewahi kukwama kwenye foleni ya malori pale Tunduma, ile inayoanzia mpakani na kujivuta nyuma mpaka madereva wanazoea kupikia chai chini ya matela yao, huenda umemwona Anania Nzowa. Ni yule mzee mwembamba anayepita kati ya magari, sindano ndefu imechomekwa kwenye kola ya shati, uzi wa nailoni begani, macho yanatafuta turubai lililochanika. Mgongoni hubeba gitaa ndani ya mfuko alioushona mwenyewe kwa vipande vya maturubai ya watu. Akimaliza kushona hakimbilii kazi nyingine. Hukaa juu ya tairi la akiba, akalitoa gitaa, na madereva wa Zambia, ambao wanamjua kuliko wanavyowajua maofisa wa forodha, humwita mzee kwa lugha yao na kumwambia, "Mudala, anza ile."

Husema "anza" kwa sababu wanamjua. Kumaliza si kazi yake. Mianzo ya Anania ni mizuri kiasi kwamba mama lishe wa pale karibu husahau mwiko ndani ya sufuria. Kidole gumba kinatembea chini polepole, vidole vingine vinacheka juu, na wewe msikilizaji unajiweka sawa ukisubiri wimbo wenyewe uingie. Hauingii. Anarudi palepale, halafu palepale tena, mpaka foleni inasogea na dereva anapanda gari lake. Wapo watu Ndola na Lubumbashi wanaopiga mluzi mianzo ya Anania, nao hawajui kwamba hata mwenyewe hajui inaishia wapi.

Ukimuuliza nani alimfundisha, hazunguki. "Bangi," atakuambia, kama mtu anayetaja jina la shule. Na ukweli ni kwamba ilimfundisha. Shida ni kwamba haikumruhusu kuhitimu, na hilo alikuja kulijua akiwa na mvi, mbele ya ukoo mzima, siku ambayo hakuna aliyetaka kumwambia.

Alizaliwa Ihanda, kwenye nyumba yenye migomba mbele na kahawa nyuma, mtoto wa kwanza wa Enesi. Baba yake alifariki mapema, kwa hiyo Enesi ndiye aliyekuwa baba, mama, mpalilia kahawa na mlipaji wa kila kitu. Mwanamke mfupi, mkali wa macho, sauti ya alto iliyokuwa inabeba kwaya nzima ya kanisani. Alipokuwa anamwita mtoto kutoka kwenye vichanja vya kahawa, hata watoto wa jirani waliitika.

Gitaa lilikuja na mjomba Yonathani. Yonathani, mdogo wake Enesi, alikuwa ameishi Kitwe miaka mingi, na siku aliyorudi hakuwa na chochote cha maana zaidi ya koti, kikohozi, na gitaa lililofungwa waya za breki za baiskeli mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimekatika. Anania wakati huo alikuwa ameshaota ndevu. Sekondari ilimpita, kahawa haikumvutia, na hakuwa na neno la kumwambia mtu yeyote. Mjomba alimchukua nyuma ya kitalu cha miche, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasokota bangi yake kwa karatasi ya gazeti, na kumwonyesha mstari mmoja tu wa muziki.

"Huu huu," Yonathani alimwambia. "Usiende kwingine. Uzungushe mpaka moshi uishe."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Mstari mmoja, msokoto mmoja. Moshi ukiisha, somo limeisha. Kesho yake mstari mwingine, msokoto mwingine. Watu wengine hujifunza gitaa kwa kuruka kutoka wimbo hadi wimbo, wanajua vingi na hawajui chochote. Anania alikaa ndani ya mistari yake kama mtu aliyefungiwa chumbani na kulazimika kukijua kila kona. Bangi iliufanya muda urefuke. Katikati ya mzunguko, siku moja, alisikia kwamba kidole gumba na kidole cha shahada walikuwa watu wawili, kwamba mmoja akisema mwingine anaweza kunyamaza na kusubiri, na kwamba kule kunyamaza nako ni muziki. Alilia kwa furaha nyuma ya kile kitalu. Hakuna mwalimu wa kwaya aliyewahi kumwambia jambo hilo, na mtu akisema Anania alilipata ndani ya moshi, hatakuwa amedanganya.

Lakini mkono uliojifunzia ndani ya moshi uliendelea kuudai moshi. Asubuhi, kichwa kikiwa cheupe bila moshi, angelishika gitaa na kukuta vidole vinafanya kazi yao lakini masikio yamekaa pembeni. Alikuwa anazisikia mbao, anausikia waya, hausikii muziki. Basi anavuta, na mlango unafunguka. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, na Yonathani, ambaye pengine angeweza kumwambia namna ya kutoka, akafa kwa kikohozi chake bila kuwahi kumfundisha wimbo hata mmoja mpaka mwisho.

Wimbo mmoja tu ulikuwa na mwisho. Ulizaliwa msimu ambao mvua ilikuja mapema, kahawa ikiwa bado imeanikwa. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Vwawa. Enesi alikuwa mlangoni anaita, "Anania, mvua inakuja!" na Anania alikuwa nje na gitaa, anamsikia, na badala ya kujibu kwa mdomo akajibu kwa nyuzi. Mama yake, ambaye kwa kawaida angemrushia kiatu, akacheka. Akaita tena, safari hii kwa kuimba. Akajibiwa tena, sasa kwa mdomo. Waliianua kahawa yote hivyo, mama anaimba huku anakunja pembe za turubai, mwana anacharaza, mpaka matone yalipowafukuza ndani.

Maneno yalikuwa ya Kinyiha, na kwa Kiswahili yanakaribia hivi: Anania, wingu limeshuka, acha kahawa, itakauka kesho, ingia ndani mwanangu. Hapo mama ananyamaza. Kisha mwana, kwa sauti yake mwenyewe na si kwa gitaa, anaitikia: Ninakuja, mama, ninakuja. Mama anaingia tena juu ya sauti ya mwana na wimbo unafungwa. Usipoitikia, haufungiki.

Siku ile alikuwa amevuta au hakuvuta? Yeye siku zote alisema alivuta. Enesi alisema hakuvuta, kwa sababu Yonathani alikuwa safarini na ndiye aliyekuwa anashika ile bangi. Walibishana kuhusu jambo hilo miaka yote, kwa utani mwanzoni, baadaye bila utani.

Kwa sababu Anania aliondoka. Alishuka Tunduma kushona maturubai, akaoa binti kutoka Ibaba aitwaye Tusekile, akamzaa Goodness, na kila jioni alikuwa na moshi wake na mwanzo wake mpya. Tusekile alivumilia mianzo mingi. Kilichomshinda ni kumwona mume anarudi nyumbani akiwa na furaha peke yake, furaha ambayo hakuna mwingine ndani ya nyumba angeweza kuingia. Alirudi kwao, na mtoto akalelewa Ihanda na bibi yake. Kanisani nako wazee walimwita, wakamuuliza, naye kwa ule ukweli wake wa kijinga akawaambia kwamba haachi. Wakamtenga. Haikuwa kwa ugomvi. Ndiyo desturi yao. Jina lake lilisomwa mbele ya watu, na mama yake alikuwa amesimama na kwaya akilisikiliza.

Kutengwa kulimuuma Enesi kuliko kulivyomuuma mwenye jina. Mtu aliyetengwa hashiriki meza, haimbi mbele, na akifa kwaya haimsindikizi. Enesi aliimba kwenye mazishi ya nusu ya kijiji huku akijua kwamba wa kwake, ikitokea, atazikwa kimya.

Miguu yake ilipoanza kuvimba na pumzi kuwa fupi, na daktari wa Vwawa akamwambia Goodness pembeni kwamba moyo wa bibi umechoka, Enesi alituma ujumbe mmoja tu Tunduma. Goodness, ambaye sasa ana kibanda chake cha kusajili laini za simu karibu na stendi, aliupeleka mwenyewe hadi kwenye foleni. Alimkuta baba yake juu ya mzigo, akasubiri ashuke.

"Bibi anasema urudi kundini," alimwambia. "Na siku hiyo umpigie wimbo wa kuanua kahawa, mbele, kanisani. Anataka kuuimba na wewe kabla hajaondoka. Hakuna kingine anachotaka."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, na ameniambia nisiondoke hapa bila jibu, baba."

Anania alitazama mbali, kule malori yanakokunja kona. Halafu akasema atakwenda, na tangu siku ile akaacha kuvuta.

Usimcheke kwa hilo, maana aliacha kweli. Wiki za kwanza hakulala, alikuwa na hasira na sindano, na uzi, na madereva waliomwambia anza ile. Zilipopita, alipata nguvu ya kula, kifua kikafunguka, hata Goodness alianza kumletea wali mchana na kukaa naye akila. Ila kila alipolishika gitaa alikuta jambo lilelile la asubuhi za zamani. Mbao na waya. Mwanzo wa wimbo wa mama yake aliukumbuka, ule mzunguko wa kidole gumba ungemwamsha hata kaburini. Lakini mahali mama anapoita na mwana anapoitikia palikuwa pamefungwa. Alijaribu kuimba yale maneno akajisikia anasoma tangazo la mnada. Hofu ilimwingia, hofu ya kweli, ya mtu anayesubiriwa na mgonjwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya kurudishwa kundini, alipanda kwenda Ihanda. Enesi alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, mito mgongoni ili apumue, kitenge cha kwaya kimekunjwa tayari kando yake kwa ajili ya kesho. Alikuwa amepungua sana. Macho tu ndiyo yalikuwa yaleyale.

"Tujaribu," mama alisema.

Anania akaanza. Mwanzo ukatoka, na mama akatabasamu. Akazunguka mara ya pili, ya tatu, akitafuta mlango wa kuingilia, haupo.

"Si ni pale, mwanangu," Enesi alisema taratibu. "Mimi nikishakuita, unaacha nyuzi zinyamaze kidogo, halafu wewe..."

"Nauelewa, mama."

"Sisemi huuelewi. Nasema pale ninaponyamaza..."

"Mama, wimbo nimeutunga mimi. Nauhifadhi kwa ajili ya kesho. Leo nisiuchoshe."

Akalirudisha gitaa kwenye mfuko. Enesi akavuta pumzi, akaomba maji. Jenista, dada yake Anania, aliyekuwa anachambua mboga pale pale, aliinua uso akamtazama kaka yake, kisha akarudi kwenye mboga. Lile jibu ndilo ninalomlaumu nalo, kuliko bangi. Mama alikuwa anampa wimbo mkononi, naye aliona aibu kupokea.

Jumapili asubuhi alitangulia kutoka, akisema anakwenda kunyoosha miguu. Alikwenda nyuma, kwenye kitalu cha zamani ambacho sasa ni magugu. Ndani ya gitaa, umebandikwa kwa utepe upande wa ndani wa tundu, palikuwa na msokoto mmoja. Alikuwa ameuacha humo siku aliyoacha kuvuta, akijiambia kwamba mtu aliyeacha kweli haogopi kuwa nao karibu. Sasa alijiambia jambo jingine: kwamba hii si ya starehe, ni ya mama. Kwamba ataivuta mara hii moja ili ampe anachokitaka, kisha atubu kwa Mungu wake mwenyewe. Alivuta mpaka mwisho. Akatafuna majani ya mpera ili kuondoa harufu, akaenda kanisani.

Mzee Boazi, mzee wa kanisa, alimsimamisha mbele na kumuuliza mbele ya wote kama ameacha. "Nimeacha," Anania alijibu, na mdomo wake ulikuwa umejaa uchungu wa mpera. Wakamwombea. Wakampa mkono mmoja mmoja. Kisha Boazi akatangaza kwamba mama Enesi ameomba jambo, na vijana wawili wakambeba Enesi na kiti chake hadi mbele, kitenge cha kwaya kimefungwa juu ya gauni.

Anania alikaa. Aligusa uzi wa kwanza na mlango ukafunguka kwa upana ambao hakuwahi kuuona maishani. Kila sauti ilikuja na sauti nyingine nyuma yake. Aliusikia mti wa mbuni unadondosha maji, aliisikia mvua iko Vwawa, alikisikia kichanja kinalia chini ya uzito wa kahawa. Mama akaita. Anania akaitikia. Akamwona mama anafungua mdomo, anafunga, anafungua, machozi yanamtiririka, na akajua kwamba wimbo umefika. Akaitikia tena, kwa sauti ambayo hakujua anayo. Alipohisi mkono wa mzee Boazi begani alijua amebarikiwa, akaziacha nyuzi zife zenyewe.

Nje, baada ya ibada, Enesi alimshika vidole na kuvifunga ndani ya viganja vyake.

"Umekuja, mwanangu," alisema. "Inatosha."

Hakuna sifa iliyowahi kumfurahisha Anania kama hiyo. Alirudi Tunduma akitembea kama asiyegusa chini, na alianza kuvuta tena bila hata kujificha, kwa sababu sasa alikuwa na ushahidi: siku kubwa kuliko zote bangi haikumwangusha. Goodness alipomwona hivyo alipunguza kuja. Anania alidhani binti ana kazi nyingi.

Enesi alifariki kabla mahindi hayajapaliliwa. Kwaya ilimsindikiza. Anania alilia kama mtoto wa kiume yeyote, lakini ndani ya kilio palikuwa na mahali pakavu pa kusimama. Alikuwa amempa alichotaka. Aliwaambia waombolezaji hivyo, aliwaambia madereva hivyo alipopanda juu ya mizigo yao. Watu wa Ihanda walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakabadilisha mazungumzo.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikusanyika tena, mchana, kwenye baraza ileile. Waligawa nguo za marehemu, wakala. Jenista, akiwa ameshika kile kitenge cha kwaya mapajani, akasema anachokosa zaidi ni sauti. Sauti ya mama. Kisha akageuka.

"Goodness, si ulirekodi siku ile kanisani?"

Goodness alikuwa anakusanya vyombo. "Simu ina chaji kidogo, shangazi."

"Iweke tu tusikie."

"Shangazi, siku nyingine."

"Mwanangu," Anania alimwambia binti yake kwa upole, akijiweka vizuri kwenye kiti, "iweke. Hata mimi nataka kusikia."

Goodness alimtazama baba yake kwa namna ambayo Anania angeielewa kama asingekuwa na furaha. Akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza, akarudi nyuma hadi ukutani.

Gitaa likaanza. Ule mwanzo. Watu walitulia. Ukarudi palepale. Anania alitabasamu akisubiri. Alikumbuka kwamba aliuzungusha kidogo mwanzoni ili kuwaandaa. Ukarudi palepale. Na tena. Mtoto mmoja alisikika anakohoa ndani ya simu, benchi likalia. Bado ni mwanzo uleule, mkavu, sawasawa, kila mzunguko ndugu wa mwenzake. Hapakuwa na mbuni wala mvua. Hapakuwa na sauti ya mwanamume inayoimba.

Kisha, nyembamba, ya chini kuliko gitaa, ikiwa na pumzi fupi kati ya maneno, sauti ya Enesi ikaingia. Anania, wingu limeshuka. Acha kahawa, itakauka kesho. Ingia ndani, mwanangu.

Akanyamaza, kama wimbo unavyotaka.

Gitaa likaendelea kuzunguka.

Unamsikia anangoja. Unamsikia anavuta hewa kwa shida. Akaita tena, kwa nguvu kidogo, jina kwanza. Akanyamaza tena. Gitaa likazunguka. Akaita mara nyingine, na safari hii sauti ilipasuka kwenye jina la mwanawe, halafu ikasikika sauti ya mzee Boazi ikisema chini chini, "Basi, ndugu, basi, tumesikia," na gitaa likakatika katikati ya mzunguko.

Kwenye baraza wanawake walikuwa wanalia, kilio cha shukrani, kwa sababu walikuwa wamemsikia Enesi. Hakuna aliyemtazama Anania kwa mshangao. Hilo ndilo lililomuumiza kwanza, kwamba hakuna aliyeshangaa. Kanisa zima lilikuwepo Jumapili ile. Wote walijua tangu siku ile, na walimpa mkono, na walimwacha azunguke msibani akisimulia jinsi alivyoitikia.

Aliinuka, akaenda ukutani kwa binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi alinikataza." Goodness alikuwa analia bila kujifuta. "Jioni ile ile nilimwambia, bibi, nitamwonyesha, ajue alichokufanyia. Akasema mwache. Akasema, yeye kwa masikio yake ameitika. Ukimwambia hakuitika, atabaki na nini?"

Anania alilichukua gitaa kutoka kwenye mfuko wake wa turubai, akaichukua na simu, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye vichanja. Kahawa haikuwepo, si msimu wake. Zilikuwepo mbao tu zilizopauka. Kupitia tundu la gitaa aliuona msokoto mpya aliokuwa ameubandika mahali pa ule wa zamani. Alijua kwamba akiuwasha atamsikia mama na atajisikia anaitikia, vizuri kabisa, kama alivyojisikia siku ile. Alijua hivyo na bado aliutaka. Sasa hakuwa na namna yoyote ya kujua ni ipi kati ya nyimbo zake zote za miaka yote iliwahi kusikika na mtu mwingine.

Akauacha ulipo. Aliiweka simu juu ya kichanja, akaisogeza hadi sauti ya mama yake inapoanzia. Gitaa lake lilikuwa limekazwa juu kuliko sauti ile. Kumbe Jumapili ile hakuwa hata amemtafuta mama alipo. Akalegeza nyuzi, moja baada ya nyingine, mpaka zikashuka kwake. Mikono ilikuwa mizito, masikio yako pembeni, mbao na waya tu.

Mama akaita. Anania akasimamisha nyuzi, kama alivyoelekezwa Jumamosi ile barazani. Kimya kile kilipokuja, alifungua mdomo na kuitikia, sauti kavu, isiyo na uzuri wowote, iliyokosea hata mahali pa kupanda.

"Ninakuja, mama. Ninakuja."

Goodness, aliyekuwa amemfuata na kusimama kwenye kona ya nyumba, aliisikia. Ndani ya simu Enesi alivuta pumzi, akangoja kidogo, na akamwita tena.